Daraja Bado Ni Letu

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, birika la Mama Kahawa juu ya jiko la mkaa, na kigoda cha Fundi Viatu ambacho hakikaliwi na mwingine. Hapo ndipo vita vilipopiganwa miaka kumi na moja bila mtu kutoka jasho. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba majeshi ya taifa letu tukufu "yameamua kurejea nyumbani kupumzika", na hata mtoto wa kunyonya angejua maana yake: tumepigwa. Tena tumepigwa na nchi ambayo kwenye ramani unaifunika kwa kidole gumba. Fundi aliisikia habari hiyo akiwa na kiatu cha mteja mkononi, na tangu hapo hakupiga msumari hata mmoja. Mwanawe wa pekee alikuwa kule vitani, akilinda daraja, na daraja hilo, kwa maneno ya redio hiyohiyo, lilikuwa letu. Kama vita vimetushinda, sasa daraja ni la nani? Swali hilo hakutaka mtu aliguse.

— Mimi simezi ndoano hiyo, alianza Kanali, ambaye ukanali wake ni wa kulinda ghala la saruji kwa rungu. Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Tembo ni sisi. Sasa nyasi zimempigaje tembo? Hapo kuna mkono wa mtu.

— Mkono wa nani?

— Mkono tu. Ukishamjua mwenyewe, si mkono tena.

Kinyozi, aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa hazimiki, alichomoza kichwa mlangoni, mkasi mkononi.

— Nyie hamjui kitu. Jenerali wetu na jenerali wao wananyolewa na kinyozi mmoja.

— Acha uongo wewe!

— Haki ya Mungu! Mtu akishainamishwa kichwa kwenye kiti hufungua moyo. Ya vyumbani mwenu nayajua yote. Basi wetu akasema, "Kesho napita bondeni." Kesho yake kinyozi yuko kwa wa pili, na bonde limejaa mizinga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wetu aliinama mno.

— Kinyozi wapi! alisema Mama Kahawa. Ulizeni walikuwa wanakunywa nini. Jeshi zima likisinzia, ujue kuna mtu kalilaza.

— Kahawa hailazi mtu, mama.

— Ya kwangu ndiyo hailazi.

Kanali akalisogeza benchi karibu, akapunguza sauti.

— Mie naenda mbali zaidi. Nani hapa amewahi kumwona adui kwa macho yake? Tunaonyeshwa moshi. Moshi hata Mama Kahawa anao. Yawezekana nchi hiyo haipo kabisa.

— Haipo, na imetushinda?

— Ndiyo hatari yake! Asiyekuwepo utampiga wapi?

Fundi akasema, polepole, kama anayepima ngozi kabla ya kuikata:

— Hatujashindwa. Beberu akirudi nyuma hakimbii, anatafuta nafasi ya kupiga kichwa. Na daraja bado ni letu. Lingeanguka mngesikia.

Redio akafungua kinywa. Mama Kahawa akamkanyaga mguu. Fundi aliuona mguu ule, akajifanya hajauona, maana mtu mzima huchagua ya kuona.

— Msigeuke, alinong'ona Kanali. Ng'ambo pale, kwenye nguzo. Kuna mtu kasimama tangu kikombe cha kwanza. Hanunui, hauzi, hasalimii.

— Fundi, hebu mtazame viatu.

Fundi akatupa jicho la pembeni.

— Vyeusi, ngozi tupu. Vya serikali hivyo.

Wote wakamkumbuka muuza mkaa, aliyesema mwaka jana kwamba vita vinachosha, akachukuliwa, na hadi leo hajarudi.

— Kaja kusikiliza nani anasema tumeshindwa, alisema Kanali.

— Si wewe uliyesema nchi haipo?

— Nani? Mimi? Toa ushahidi!

Mtu yule akaanza kuvuka barabara. Papo hapo kijiwe kikabadili ngozi.

— Kwa kweli tumewachapa! alipaza Kanali, mishipa ya shingo imemtoka.

— Wamekoma! alidakia Redio. Vijana wetu wanarudi wamechoka kushinda!

— Na darajani je? alisema Mama Kahawa, jicho moja kwa mgeni. Si tuliwafagia? Wetu hata mmoja hakukwaruzwa!

— Hata mmoja!

Fundi alijua wanadanganya, na alijua wanamdanganya nani. Lakini uongo ule ulikuwa mtamu, jamani, akaupokea wote. Akashika nyundo yake, akapaza sauti kuwashinda wenzake:

— Daraja bado ni letu!

Mgeni akafika. Alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akavua kofia. Wanaotumwa kupeleleza hawavui kofia.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Namtafuta fundi viatu wa mtaa huu. Baba yake yule koplo wa darajani. Nimeelekezwa kwamba hukaa hapa.

Kanali alichungulia ndani ya kikombe chake. Redio akarudi ndani kunyoa kiti kitupu. Mama Kahawa akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ikamwagika mpaka chini, naye akaendelea kumimina.

— Hayupo, alisema Fundi. Leo hakuja.

— Hakuja, alisema Kanali upesi.

— Kasafiri, ilitoka sauti ndani kwa kinyozi.

Kijana akaitazama nyundo, kisha ile mikono iliyoganda rangi ya viatu. Hakubisha.

— Basi nitamngoja, baba, alisema, akaketi chini kando ya kigoda.