Vitambaa Vyeupe vya Mama Winfrida

Nyie wageni wa mstari wa mbele, mlipotelea wapi? Tangu kikao cha Agosti hamjakanyaga zahanati hii. Leo mmesikia kuna pilau, mmejaa mpaka uani. Haya, karibuni, ila karatasi hii muisome hadi chini.

Mama Winfrida Dastani, afisa afya wetu wa kata, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Ishirini na miwili ametumikia hapa, njia ya kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, na siku zote hizo mimi nafagia na yeye anakagua nilipofagia. Kalamu kaishika Masoudi wa dirisha la dawa. Maneno ni yangu, shule sikuiona.

Alifika na viatu vya kisigino. Wiki ya kwanza tope la Narung'ombe likameza kimoja, na kiko huko mpaka leo. Alikagua vyoo mpaka vya wakwe zake, wakamnunia mwaka mzima. Choo walichimba.

Mtambo wa kufua umeme kwa dizeli ulipoletwa kijijini, tulishangilia, nani hapendi taa? Baada ya miezi michache masizi yakawa yanaelea kwenye chai, na mwanangu Hajra, mwenye pumu, akawa analala ameketi. Mama Winfrida akaitisha mkutano. Akabandika tangazo ukutani, katikati ya msimu wa kuokota korosho! Walikuja watu watano na mbuzi. Nikamwambia, "Mama, hilo karatasi umembandikia nani? Wanaoweza kulisoma wako mjini, wanaokohoa wako mashambani." Hakununa. Kesho yake alikuwa chini ya mikorosho, anaokota na kuuliza nani anakohoa nyumbani kwake, tangu lini.

Halmashauri ilikuwa inaandika sheria ndogo ya moshi wa mitambo, na mtaalamu wa mwenye mtambo alishasema hewa ni safi. Mama akagawa vitambaa vyeupe kumi, tuvianike nje siku saba. Hapo ndipo alipochemka. Huku kwetu kitambaa cheupe mbele ya nyumba ni bendera ya mganga! Siku ya tatu mtu katoka Nandagala na jogoo kwapani, kapiga hodi kwangu anataka kuaguliwa. Nilimpa uji, nikampeleka kwa Mama Winfrida apimwe presha. Jogoo alirudi naye, tusisingiziwe.

Siku ya kikao cha sheria hiyo mtaalamu alisoma takwimu zake. Mama akatuambia sisi wanawake tutandike vitambaa mezani. Cha kwangu kilikuwa cheusi kama sufuria la msibani. Cha nyumba ya kule Chunyu, mbali na mtambo, kilibaki cheupe. Mtaalamu akauliza nani aliyefanya upimaji huo. "Hawa bibi zako," Mama akamjibu. "Waulize wao."

Bomba la moshi likarefushwa. Sheria ikaandikwa kwamba kila Agosti, upepo wa kusi ukivuma, tunaanika vitambaa, vifua vinapimwa zahanati, na mtambo hauongezwi mpaka wanakijiji wakae na kukubali. Hajra siku hizi analala chali, anakoroma mpaka kuku wanashtuka.

Lakini sheria hiyo ina sharti: wasipotimia watu hamsini kikaoni, mwenye mtambo anaendelea na lake. Mwaka jana tulikuwa hamsini na wawili, kwa sababu Mama Winfrida alipita nyumba kwa nyumba na mguu wake mbovu. Mwaka huu wanataka kuleta injini ya pili, na yeye atakuwa kwao Nachingwea, kwenye mikorosho yake. Nani atapita? Mimi nitapita. Na ninyi mtakuja, nawajua, mna aibu bado.

Mama Winfrida, umetukagua, umetugombeza, umetupa pumzi. Ahsante, mwanangu. Nenda ukapumzike, ule ushibe, ulale mchana bila kuulizwa. Tunakuombea goti lipone na mikorosho izae.

Nanyi wageni, kikao ni Alhamisi ya kwanza ya Agosti, saa tatu asubuhi, hapahapa. Pilau hakuna. Kila mtu aje na kitambaa cheupe, na asiondoke kabla hajahesabiwa.

Bibi Sikuzani, mfagizi wa zahanati