Kinywa Kilichojibu Kabla Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wengine wenu husimama na kushuhudia kwa sauti. Mimi nikisimama mbele ya watu koo hunikauka, kwa hiyo nimeyaandika haya polepole kwa wiki tatu, na nimemwomba katibu wa kanisa awasomee bila kupunguza ukali. Nina hasira, na sitaki kuificha nyumbani mwa Mungu.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya mwanzi. Ukiulizwa jambo, ulitakiwa kujibu upesi, "Ndiyo, mwalimu." Aliyesita alichapwa. Aliyesema hapana alichapwa zaidi, hata kama hapana ndiyo iliyokuwa kweli. Kwa miaka minne nilijifunza kusoma, kuandika na kusema ndiyo. Kusoma na kuandika vilinichukua muda. Ndiyo niliijua kwa wiki moja, na watu wazima wakanisifu kuwa ni kijana mtiifu.

Baadaye nilipata kazi katika shamba la pareto la Mzungu mmoja, milimani juu ya Mbeya. Nilikuwa nikigeuza maua kwenye trei za waya ndani ya nyumba ya kukaushia. Aliyetunza moto ni mzee Ambakisye, mtu wa Rungwe kama mimi. Nilimwita tata, kama tunavyowaita baba zetu. Mchana alikuwa akinimegea ndizi zake za kuchoma na kunicheka kwa kuwa nilikuwa nakula bila kusema neno. "Wewe hata ukiungua utaomba ruhusa ya kulia," aliniambia.

Siku moja nyapara alitaka kazi iishe mapema. Akamwamuru tata aongeze kuni.

"Maua yataungua, nyapara."

"Nani amekuuliza? Weka kuni."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilisikia kila neno. Tata akaweka kuni, na kabla ya saa kumi trei zote za juu zilikuwa nyeusi. Mzungu akaja kwa kuwa alisikia harufu. Nyapara hakungoja aulizwe.

"Mzee huyu amejaza kuni kwa kichwa chake mwenyewe," alisema. Kisha akanigeukia. "Kijana, si hivyo?"

"Ndiyo, bwana."

Ndugu zangu, sikufikiri. Hata hofu ilikuwa haijanifikia, ilikuja baadaye. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na kofia ilikuwa mkononi mwangu, wala sikumbuki niliivua saa ngapi. Ni kana kwamba kuna mtu mwingine ndani yangu ambaye kazi yake ni kujibu, na mimi hupewa habari akiwa amekwisha jibu.  Tata alifukuzwa jioni ile ile, na kwenye cheti chake cha kazi wakaandika kwamba ni mzembe anayeharibu mali. Kwa cheti kile hakuna shamba la Mbeya ambalo lingemchukua, naye ana watoto wanne. Akaondoka kwenda Iringa kutafuta kibarua katika mashamba ya chai.

Nilikuja hapa kanisani nikatubu kwa machozi. Mliniona. Mzee mmoja wa kanisa akasema ni pepo wa uongo. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono, wakaomba mpaka wakalowa jasho. Kisha mzee akauliza, "Kijana, ametoka?"

Nikasema, "Ndiyo."

Mkaimba kwa furaha. Nami niliimba. Lakini hakuna kilichokuwa kimetoka, kwa sababu aliyejibu ni yule yule. Jumatatu nyapara aliniuliza kama mimi ndiye niliyevunja mpini wa jembe. Jembe lile sijawahi kulishika. Nikasema ndiyo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipowaka. Nilimkasirikia nyapara, naye alistahili. Nilimkasirikia mwalimu na fimbo yake. Niliwakasirikia wote walionisifu kwa utii, kana kwamba mtoto asiyeweza kusema hapana ni zawadi kwa wazazi. Lakini zaidi nilikikasirikia kinywa changu. Moyo ulikuwa umetubu, wenyewe ulitaka kweli, na kinywa kilikuwa bado kinamtumikia mwalimu. Nikamwambia Mungu, "Niondolee neno hili hata nikiwa nimelala, niamke sina." Niliamka siku nyingi, na bado nilikuwa nalo.

Shangazi yangu Tupokigwe, mjane anayekaa Mbalizi, aliposikia habari hizi hakuniombea kwanza. Alichota kikombe cha maji.

"Piga funda. Usimeze, usiteme. Nikikuuliza, utameza ndipo ujibu."

Nikapiga funda. Akaniuliza haraka haraka, kwa sauti kali kama ya bwana mkubwa, "Wewe ndiye uliyemaliza maziwa yangu?"

Kinywa kilishindwa kwa sababu ya maji. Lakini kichwa changu kikaitikia, juu na chini, juu na chini.

"Hee! Hata kichwa nacho!" Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, tena. Wewe ni ng'ombe?"

Nikaitikia. Nilikuwa ng'ombe. Nilicheka, maji yakanitoka puani.

Msidhani ilikuwa mchezo. Tulifanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni, zaidi ya mwezi mzima. Aliniuliza nikichanja kuni, nikila, nikifunga mlango. Wakati mwingine alinifokea kweli kweli. Na kila mara, kabla ya kuanza, alisema, "Bwana, mpe kijana huyu nafasi ndogo kati ya swali na jibu." Sala hiyo tu. Mwanzoni nafasi ile haikuwepo. Siku moja nikaihisi, fupi kama kumeza mate. Ndani yake niliweza kujiuliza, Je, ni kweli? Nililia siku ile, kwa maana nilikuwa sijapata kujiuliza hivyo maishani.

Nikarudi kazini shambani, ruhusa niliyoomba ya kukaa kwa shangazi ikiwa imekwisha. Nikasimama mbele ya Mzungu, nyapara yupo, nikasema nimekuja kwa habari za mzee Ambakisye.

Nyapara akacheka. "Huyu mtoto? Huyu anaitikia hata upepo. Kijana, si umetumwa na yule mzee?"

Nilihisi shingo inataka kushuka. Nikameza mate. Nikasema, "Hapana." Kisha nikaeleza nani aliamuru kuni, na maneno aliyoyasema.

Mzungu akauliza, "Basi ulisema uongo siku ile, au unasema leo?"

"Siku ile, bwana."

Akanitazama, akamtazama nyapara ambaye sasa alikuwa haangalii mtu. Hakumrudisha tata kazini. Nami alinifukuza papo hapo, kwamba shahidi wa namna yangu hamtaki. Lakini aliandika cheti kipya cha tata, akaweka sahihi, akanikabidhi, na kile cha kwanza akaandika kwenye daftari lake kwamba hakina nguvu.

Nikapanda lori mpaka Iringa, nikauliza shamba kwa shamba. Siku ya nne nikamkuta tata akipasua kuni uani kwa mtu, kwa malipo ya chakula. Alisoma cheti mara mbili. Hakunikumbatia. Alisema, "Watoto wangu wamelala njaa kwa neno lako moja." Nikasema ni kweli. Sikuomba aniambie yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Wiki ile ile akapata kazi kwenye kiwanda cha chai, na cheti ndicho kilichomwingiza. Amenitumia salamu mara moja.

Namshukuru Mungu aliyejibu sala yangu kwa njia ya mjane na kikombe. Wazee mlioniombea, nawashukuru na nyinyi, na nawaomba radhi kwa jibu nililowapa. Wazazi na walimu, mtoto akisita, mwacheni asite. Msimnyang'anye kwa fimbo kitu ambacho itabidi akitafute akiwa mtu mzima.

Na wewe ndugu unayesikia haya na kujua kinywa chako si chako, usikate tamaa kwa kuwa ulitubu na bado hujabadilika. Mtegemee Bwana, naye hachoki kungoja. Niko Mbalizi kwa shangazi, nyumba ya pili baada ya kisima. Njoo siku yoyote. Tutakuuliza maswali, na tutakungojea ujibu.