Mtama wa Mtu Mmoja ni Chakula cha Ndege

Wenyeji wangu wa Chunyu, asalaam aleikum, na ndugu zetu Wakristo nawasalimu kwa heshima ileile. Mmeniita nieleze yaliyonipata, nami naanza na upuuzi, kwa sababu ndipo nilipoanzia. Niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba salfa inafukuza mvua.

Msicheke. Wamo humu walioamini, nawaona wanatazama chini. Miaka ile ya tisini, tulipokuwa tunapulizia mikorosho ule unga wa manjano kuzuia ubwiri, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua, ilisemwa kwamba mawingu yakitoka baharini na kuinusa salfa yanapiga chafya, yanageuza njia, yanakwenda kunyesha Msumbiji. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya watu wazima, nasoma gazeti kuanzia kichwa mpaka bei yake, kwa hiyo pale kijijini kwetu Nandagala nikawa mtaalamu wa jambo hilo. Niliwaambia watu nimeliona kwa macho yangu wingu likikohoa. Nikaapa kwamba mashine ya kupulizia haitakanyaga shamba langu.

Basi mikorosho ikachanua vizuri, ubwiri ukaingia, maua yakawa kama yamemwagiwa majivu. Korosho nilizookota hazikutosha kumuudhi panya. Na mvua? Ilichelewa vilevile. Ilikuja wakati ambao zamani tungekuwa tunapalilia mara ya pili, ikanyesha kidogo, ikakatika. Mtama wetu wa kienyeji, ule mrefu unaokaa shambani mpaka watoto wanaota ndevu, ulisimama na masuke matupu. Jua lilikuwa kali, ndugu zangu, nawaambia, kuku wa mke wangu walikuwa wanataga mayai yaliyokwisha kuchemka.

Leo nacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka nyumbani kwangu.

Msimu uliofuata nilikuwa Nachingwea mjini, nikamsikia bwana shamba mmoja akieleza habari za mtama mfupi, unaokomaa upesi kabla mvua haijakatika. Nikapata kifuko cha mbegu. Nilipofika nyumbani, mama mmoja jirani, mtani wangu, jina lake silitaji, akaniambia, "Mtani, mbegu hiyo tuizalishe kwanza, tuje tuipande wote kwa pamoja." Nikamwambia asubiri aone msomi anavyovuna.

Nikapanda peke yangu. Mtama ukakimbia kuja juu, ukabeba, ukakomaa, wakati mashamba ya wenzangu bado majani. Nikatembea kijijini kama mkuu wa wilaya. Ndipo ndege wa kwelea kwelea walipofika. Bonde zima hapakuwa na punje nyingine ila zangu. Walikuja na wake zao, na wakwe zao, na watani wao. Mimi, mke wangu na watoto tulikaa shambani tangu alfajiri tunapiga madebe na kurusha kombeo. Tukiwafukuza upande huu, wanashuka upande ule. Sauti zikatukauka. Nikabaki na mabua. Halafu mvua ikakatika tena, na mtama mrefu wa majirani nao ukafa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwomba.

Tukaingia porini. Kwanza ming'oko, ile mizizi ya porini. Ming'oko haina lawama, unachimba, unachemsha, unakula. Lakini kijiji kizima kilikuwa porini na majembe, tukachimba mpaka nikadhani tutatokea upande wa pili wa dunia. Ikaisha. Ikabaki ndiga.

Vijana, ndiga ni kiazi pori chenye sumu. Bibi zetu walikula wakati wa njaa, lakini walikikata vipande vyembamba, wakavitia kwenye kikapu, wakakilaza mtoni siku kadhaa ili maji yanayopita yaichukue sumu yote. Sasa niambieni, maji yanayopita yalikuwa wapi? Kijito chetu kilikuwa mchanga mtupu. Njaa ya bibi zetu ilikuwa na mto wake, yetu haikuwa nao. Mke wangu akaloweka kwenye ndoo, akawa anabadilisha maji kila alipopata. Kisima kilikuwa kinatoa tope, na foleni yake ilianza kwetu ikaishia Ruangwa mjini. Alibadilisha, lakini hakupata maji ya kutosha.

Binti yetu Somoe alitangulia kula, maana ndiye mdogo. Akasema, "Baba, nyumba inazunguka." Akatapika. Kisha mikono ikakakamaa. Mke wangu akanifunga mtoto mgongoni kwa khanga, nikapanda baiskeli, yeye anakimbia nyuma yangu peku. Muuguzi wa zahanati alihangaika naye hadi jua likaanza kushuka, ndipo mtoto akafumbua macho, akaomba maji. Na hayo maji ya kumpa tuliyaazima.

Habari zikafika Kilimarondo kwa mjomba wa mke wangu. Mila zetu mnazijua, watoto ni wa upande wa mama, na mjomba akisema amesema. Akaja. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mkwe, mpwa wangu hakuja hapa kula sumu."

"Mjomba, ni jua."

"Jua hata Kilimarondo lipo. Sisi na tembo wa kula mashamba tunao juu yake. Lakini mhogo haujakosekana ndani." Akamtazama Somoe. "Nakupa msimu mmoja. Watu wakishavuna nitakuja. Nisipoona chakula cha kufikia mvua, naondoka na mpwa wangu na watoto wote."

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Alikuwa amempakata mtoto. Akasema, "Mjomba kasema kweli."

Hapo ndipo nilipofika chini kabisa, ndugu zangu. Nilikuwa tayari nimenyang'anywa mvua, korosho na mtama. Sasa ilikuwa zamu ya nyumba yangu.

Kesho yake nikaenda kwa mtani wangu. Aliniona tangu mbali.

"Msomi wa koroboi huyo! Wingu lako limepona kikohozi?"

"Mtani, leo usinitanie."

"Nisipokutania leo, nikutanie ukifa? Haya niambie, mwaka ule salfa hukupulizia. Mvua ilikuja kwa wakati?"

"Haikuja."

"Basi kaa chini, tuzungumze mambo ya watu wazima."

Kumbe wakati mimi nachimba ming'oko, yeye na wenzake, wengi wao akina mama, walikuwa wamekubaliana. Walikwishapata mbegu ya mtama mfupi. "Mtama wako haukuwa na kosa," akaniambia. "Ulikuwa peke yake tu. Ndege ukiwapa shamba moja wanalimaliza. Ukiwapa bonde zima watakula na kusaza, na sisi tutakuwa wengi wa kuwapigia kelele."

Mpango wao ulikuwa huu. Mashamba yote yashikane bondeni, mbegu iwe moja, watu wapande siku zilezile, na kuamia ndege iwe kwa zamu: siku yako unalinda bonde lote, si kipande chako. Ugomvi ukabaki mmoja, nani akae pembeni, karibu na kichaka, ambako ndege hutua kwanza? Watu walibishana mpaka wakataka kuachana na mpango wote. Mwishowe wakakubaliana kwamba wa pembeni akiliwa sana, kila nyumba itamjazia kikapu.

"Na wewe mtani," akasema yule mama, "utakaa pembeni. Ndege wanakufahamu."

Nikakubali. Ningekataa kwa mdomo gani? Lakini nawaambia ukweli, ile ahadi ya vikapu sikuiamini. Nilishaona njaa inavyofanya watu.

Tukapanda. Mvua ikaja kwa kuchelewa, ikakatika mapema kama kawaida yake, lakini mtama ulikuwa umeshabeba. Na ndege wakaja. Walipotokea kichakani nilidhani ni moshi. Nikapiga yowe, na safari hii yowe langu likajibiwa. Watu walitoka kila kona ya bonde na madebe na masufuria. Mwalimu mmoja mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, alikuja na kengele ya shule. Ndege wengine nadhani walikwenda kupanga mstari. Ilikuwa hivyo kutwa, na kesho yake, na siku zilizofuata. Walikula. Ila bonde hawakulimaliza.

Kipande changu ndicho kilichoumia zaidi. Mjomba alipofika, baiskeli yake ilikuwa na kamba ya kufungia mizigo, na mke wangu alikwisha kukunja nguo za watoto. Mjomba akachungulia ghala langu.

"Mkwe, chakula hiki hakitawafikisha kwenye mvua."

Mke wangu akaingia ndani kuleta mzigo. Tukasikia hodi. Mtani wangu huyo, kikapu kichwani, na nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka mwalimu na kikapu chake kakibeba vibaya kama mtoto mchanga. "Msomi, fungua ghala! Shingo zinatuuma!" Wote walikuwa wamekonda kama mimi. Kila mmoja alimimina, akarudi na kikapu kitupu.

Mjomba akaomba uji. Akanywa, akaizungusha kamba yake kwenye kiti cha baiskeli, akaondoka peke yake.

Wale watu siwezi kuwalipa. Namshukuru muuguzi, namshukuru mtani wangu aliyenitukana na kuniokoa kwa siku moja, namshukuru hata mjomba. Nanyi watu wa Chunyu, nimesikia mnataka kugawana mbegu za mtama mfupi kila mtu aende nazo kwake. Msifanye hivyo. Kubalianeni kwanza juu ya nani atakaa pembeni na nani atamjazia.

Jioni ile mjomba alipoondoka, furaha ilinipanda. Nikamwambia mke wangu, "Mama Somoe, jua tumelikomesha!"

Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua uso.

"Baba Somoe, hatujakomesha kitu. Tuna chakula mpaka mvua, basi. Na mvua hatujui itakuja lini."