Lusungu Mwasomola na Waya Usiopaswa Kunyanyua Mzigo

Mchungaji, shemeji yangu Sekela, ndugu na majirani wa Yombo, mie ni Brightson, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome haya, mnivumilie, kwa sababu nina uchungu na pia nina hasira.

Kaka Lusungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1987 hadi 1993, akamaliza kidato cha nne mjini Mbeya mwaka 1997, kisha akajifunza uchomeleaji kwa miaka miwili, na mwaka 2000 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa kwenye karakana moja ya Keko.

Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na Sekela hapa Temeke, wakajaliwa watoto wawili, Tusajigwe aliyezaliwa 2006 na Isack aliyezaliwa 2011.

Kuanzia 2012 alijitegemea, akifunga kingo za roshani kwa nyaya za stenlesi, na wengi walimwona msumbufu, kwa sababu kwenye nyumba za karibu na bahari alikataa stenlesi ya kawaida, akisema chumvi itaitia kutu, na hakuna aliyemshukuru kwa hilo.

Januari mwaka huu wa 2025 alipata kazi kwenye ghorofa moja Msasani, akafunga kingo zote, kukabaki kipande kirefu cha waya, na msimamizi wa ujenzi akataka kukitumia kwenye winchi kupandishia vigae, kaka akakataa, msimamizi akamjibu, "Fundi, waya ni waya, na huu mpya kabisa, si unauona unavyong'aa?"

Kaka akamwambia, "Bosi, huu una nyuzi chache nene, umetengenezwa ukae umenyooka, ukiuzungusha kwenye kapi nyuzi zitakatika moja moja, wa kunyanyulia ni ule wenye nyuzi nyingi nyembamba, niache nikaufuate madukani kule Gerezani."

Alhamisi tarehe 6 Februari akaenda, na hawakumsubiri.

Aliporudi saa nane mchana, waya mpya ukiwa begani, alikuta mzigo wa vigae uko juu na kibarua Mwinshehe amesimama chini yake, akapiga kelele, winchi ikamzidi sauti, akakimbia akamsukuma Mwinshehe pembeni, ule waya wa kingo ukakatika, vigae vikamwangukia yeye mgongoni na mguuni, na Mwinshehe yuko hapa leo, mzima, amekaa nyuma ya jeneza.

Wodini kaka hakuuliza habari za mguu wala mgongo, aliniuliza waya, "Brightson, nenda ukaukate vipande vipande, wasije wakamuua mtu," nami tarehe 14 nikaenda, nikaukuta umeungwa kwa klipu mbili, unapandisha saruji, msimamizi akaniambia kazi na ajali ni ndugu, walinzi wakanitoa getini.

Nilirudi hospitali nikamwambia kaka kwamba waya umekatwa.

Akasema, "Afadhali," akafumba macho, damu ilikuwa imeshaingia sumu, na Jumatatu tarehe 17 Februari, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, akiwa na miaka arobaini na mitano, akiniamini.

Nimesikia hapa msibani watu wakisema ni mipango ya Mungu, nawaheshimu wazee wangu, lakini Mungu hakuufunga ule waya kwenye winchi, aliyeufunga ni mtu aliyekwisha kuambiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku kumi na moja, majirani waliopika na kulala nje na sie, na mafundi wenzake wa Keko waliochonga jeneza hili.

Tukitoka makaburini, mie na Mwinshehe tunapitia Msasani, mkasi wa kukatia chuma uko kwenye gari, na mafundi kumi na wanne wamesema watakuja nasi, tuone kama walinzi watatutoa wote.

Lala, kaka Lusungu, Bwana akupe utulivu, na unisamehe lile neno nililokuambia kabla halijawa kweli.