Breki Apitiliza Alama

Kijiwe chao kiko mtaa wa Makuhari, mbele ya duka la tumbaku lililofungwa siku nyingi: benchi moja la mbao na mashine ya kuuzia kahawa ya kopo inayonguruma kama paka mnene. Kila Jumapili asubuhi wanakaa watatu. Sugaya, dereva wa treni mstaafu, wanamwita Breki, maana kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kupitiliza alama ya kusimamisha treni stesheni. Anzai alifundisha mazoezi ya viungo shule ya msingi, nao wakampa uprofesa kwa kuwa hakuna asilolijua. Na Bi Numajiri wa duka la dobi ni Redio, haihitaji maelezo. Jumapili hiyo ya Septemba barabara ilifurika vijana, wengine wamevaa kama wahusika wa michezo, wanaokwenda ukumbi mkubwa, siku ya mwisho ya maonyesho ya michezo ya video. Breki akaponyokwa na maneno kwamba jana naye alikuwemo.

— Wewe? Redio akapaliwa na kahawa. Wewe ambaye runinga yako nakuwashia mimi?

— Mimi.

— Ukafanya nini?

— Nikapanga foleni. Masaa mawili kuingia, saa nzima kufika kwenye meza ya mchezo, dakika kumi kucheza.

— Hapo sasa! Profesa akapiga paja. Hiyo foleni ndiyo mchezo wenyewe! Serikali inapima uvumilivu. Anayestahimili anaandikwa jina, anapelekwa mwezini.

— Mwezini kwa nani? Redio akadakia. Pale watu wanatafuta wachumba. Masaa matatu unatazama kisogo kimoja, utaacha kukipenda? Mpwa wangu kaoa hivyohivyo. Wahenga walisema, mkaa na waridi hunukia.

— Na walisema aliye juu mngoje chini. Juu wapi? Mwezini!

Breki alitumaini watagombana mpaka wamsahau. Redio hasahau.

— Meza zote zile, kaka, kwa nini ulipanga kwenye hiyo?

Breki akalizungusha kopo mkononi.

— Ilikuwa ya Chinatsu.

Chinatsu ni bintiye. Miaka mitatu iliyopita aliacha kazi benki akatengeneze michezo, baba akamwambia mchezo si kazi, binti akafunga mizigo. Tangu hapo ni kadi ya mwaka mpya tu, yenye mistari miwili.

— Alikuona?

— Nilivaa kofia, barakoa na miwani ya jua.

— Ndani ya ukumbi? Ulifanana na mwizi!

— Aliyekuwa mbele yangu alivaa kichwa bandia cha pweza. Mimi ndiye niliyekuwa wa kawaida.

— Na mchezo wenyewe?

— Unaendesha treni. Unatakiwa kusimama kwenye alama.

— Ah, ukawafunika wote!

— Nilipitiliza. Mita sita.

Profesa nusura aanguke benchini.

— Mle mchezoni kuna mtoto, Breki akasema polepole. Anasimama kwenye kivuko cha reli na mwavuli wa njano, anakupungia. Chinatsu alipokuwa mdogo alikuwa akija kivukoni kila jioni kunipungia. Mimi sikuwa napunga, mikono iko kazini. Sasa kwenye mchezo kuna kitufe cha kupunga. Nikakibonyeza. Nikabonyeza tena. Nikasahau kusimama.

— Hiyo ni kesi, mzee mwenzangu, akasema Profesa, lakini kwa sauti ndogo. Binti kakushitaki.

— Kesi gani, we mwanamume? Redio akang'aka. Kamsamehe!

— Kashitaki!

— Kasamehe!

Msichana mmoja mwenye mabawa ya karatasi ngumu alikuwa ameomba kuketi pembeni ili aunge bawa moja lililochanika. Akaukata utepe kwa meno.

— Samahani, baba. Na binti yako alipoona umepitiliza, alisemaje?

Breki hakujua. Jana, mchezo ulipokwisha tu, aliinuka akachanganyika na watu kabla binti hajageuka.

— Wanafunga saa ngapi? akauliza.

— Saa kumi na moja. Lakini foleni imeshafika darajani.

Breki akaweka kopo chini, kahawa nusu.

— Twende, mwanangu. Nitakushikia hilo bawa lisichanike tena.

Walisimama juani mpaka saa saba na kitu. Njiani Breki alijitungia hotuba ya kuomba radhi, akaisahau, akajitungia nyingine. Alipofika mbele ya meza ndogo, uso wazi, jasho linamtiririka, Chinatsu alikuwa akimwelekeza mteja. Akainua macho. Mkono ukabaki hewani.

— Baba.

— Mm.

Hotuba ya pili nayo ikampotea.

— Umekula? akauliza binti.

— Bado.

— Vuta kiti hicho ukae. Namaliza na huyu, tunakwenda kula.