Mzee Miraba na Visanduku Vinane Vilivyobaki Wazi

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951. Hapana, 1950, mwaka 1951 ndio upepo ulipoezua paa la wazazi wake, na wakati huo alikuwa ameshaanza kutambaa. Alikuwa kitinda mimba, akimfuata kaka yake anayewasomea haya.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, lakini neno likimwingia sikioni halikutoka. Mwaka 1968 aliajiriwa kupanga herufi kwenye kiwanda cha gazeti, baadaye akakabidhiwa chemshabongo ya Jumamosi, ile ya kujaza herufi kwenye visanduku. Visanduku hivyo ndivyo vilivyompa jina la Miraba, maana kwa umbo alikuwa mwembamba kama penseli yake.

Mwaka 1974 alianguka kutoka kwenye ngazi ya stoo ya karatasi, akavunjika begani. Binti wa chumba cha eksirei, aliyemkuta akijaza chemshabongo ile ile, alimwonyesha kwenye picha ule mfupa mwembamba kati ya bega na kidari. “Huu ndio mtulinga wako, kaka. Nao hauna nyama.”

Bega likapona, mwenyewe hakupona. Kisingizio cha kurudi hakuwa nacho. Basi Jumamosi moja akaijaza chemshabongo mifupa mitupu: fuvu, kidari, nyonga, muundi, na mtulinga wake pale katikati. Mhariri akafoka, “Hili gazeti au makaburi?” Ikachapwa hivyo hivyo. Wiki nzima, kila barua ya majibu ya wasomaji ikiingia anashtuka.

Ikaja. Binti alikuwa ameipatia mifupa yote barabara, ila visanduku vinane vilikuwa vitupu: vya mtulinga. Marehemu akavaa koti la kaka yake bila kuomba, akachukua penseli, akaenda kumwelekeza. Walifunga ndoa tarehe 10 Januari 1976. Koti halijarudi mpaka leo.

Mwaka 2022 aliteleza bafuni. Daktari akamwambia, “Mzee, umevunjika nyonga.” Akajibu, “Herufi sita hizo.” Tangu hapo hakusimama vizuri, nimonia ikamzidi, akafariki tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na kaka mmoja. Mungu aipumzishe mifupa yake yote, mkubwa kwa mdogo.

Na kabla hatujamshusha, kaka mtu anauliza tena lile ambalo miaka yote hii limejibiwa kwa kicheko tu: shemeji, ule mtulinga uliusahau kweli, au ulimwachia mlango wazi?