Utafiti wa Viti

Mama mshonaji alikuwa amesimama ndani ya basi, amekumbatia furushi la sare za shule, akichungulia daftari la mwanafunzi aliyeketi mbele yake. "Unaandika nini, mwanangu?" Mwanafunzi akasema yuko mwaka wa kwanza, anasoma sosholojia, na mhadhiri amewatuma wachunguze kwa nini siku hizi watu hawawapishi wazee viti. "Kwa hiyo umeniona nimesimama?" "Nimeshakuandika, mama. Uko ukurasa wa pili." Mama akashukuru. "Na wewe mbona hunipishi?" "Mtafiti haruhusiwi kuingilia. Nikisimama nitaharibu matokeo." Sijawahi kusikia uvivu uliosomewa kiasi hicho.

Mama akahamishia furushi mkono wa pili, akasoma kwa sauti: "Waliokaa, kumi na saba. Waliompisha, hakuna. Mwanangu, mimi kutwa napima watu kwa macho. Hapa wamekaa kumi na wanane. Nani hujamwandika?" Mwanafunzi akaanza kuhesabu upya kwa kidole, kuanzia siti ya mbele. Kidole kilipofika kwangu, nikatazama nje dirishani. Basi likasimama, mama akashuka na furushi lake, na kidole kilikuwa bado hakijamfikia mwenyewe.